Safari ya maskauti wetu Kenya: Amiri alikuwa na miaka 15

MWEZI wa Desemba, shule zilipofungwa, vijana 16 wa madrasa yetu ya hapa Tanga waliswali Alfajiri jamaa pamoja na wazazi wao, wakafunga skafu zao shingoni, wakabeba mabegi mgongoni na kupanda basi la kuelekea mpaka wa Horohoro. Mbele yao ilikuwepo safari ya siku nane katika nchi ya jirani: Mombasa, Nairobi na hatimaye Nyeri, chini ya Mlima Kenya, mahali alipozikwa mwasisi wa uskauti duniani. Mdogo wao alikuwa na miaka 12, mkubwa wao 16. Watu wazima tulikuwa watatu tu.

Alhamdulillah, wote walirudi salama. Hata hivyo hatuandiki makala hii ili kujisifu, kwa sababu katika safari hiyo sisi watu wazima tulikosea jambo zito, na aliyetuokoa ni mtoto wa miaka 15. Tumeona ni haki wazazi wenzetu walijue jambo hilo, wapate la kuzingatia.

Upinzani ndani ya kamati

Hatukuondoka kwa urahisi. Suala lilipofikishwa mbele ya kamati ya msikiti, mzee wetu mmoja, ambaye ushauri wake tunauheshimu, alilipinga waziwazi. Alisema: “Watoto wa Kiislamu wana Makka na Madina za kutamani. Nyinyi mnawapeleka kwenye kaburi la askari wa kikoloni, tena kwenye uwanja wa kanisa?”

Tulimjibu kwa adabu kwamba uskauti si dini. Skauti huahidi kutimiza wajibu wake kwa Mungu, na kijana wa Kiislamu anapotoa ahadi hiyo humkusudia Allah peke yake. Tulimkumbusha kwamba Indonesia, yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingi duniani, ndiyo yenye chama kikubwa kabisa cha skauti, kiitwacho Pramuka, kilichoundwa mwaka 1961. Na huko huko Makka, kila mwaka wakati wa Hija, maskauti wa Saudi Arabia huonekana na sare zao wakiwaongoza mahujaji waliopotea kurudi kwenye mahema yao Mina.

Mzee akatabasamu. “Hao wako Makka,” akasema. “Nyinyi mnakwenda Nyeri.”

Kikao kilimalizika kwa ruhusa, lakini mzee hakuridhika, nasi hatukumlazimisha aridhike. Wazazi walichangia, kamati ikaongeza kidogo, na vijana wenyewe wakauza visheti na maji baridi nje ya msikiti kila Ijumaa kwa miezi mitano. Aliyebaki na wasiwasi mkubwa zaidi alikuwa mama mmoja mjane. Mwanawe wa miaka 12 ndiye mtoto wake wa pekee. Aliweka saini barua ya idhini siku ya mwisho, akatukabidhi kijana na kusema neno moja tu: “Amana.”

Kumchagua amiri

Mtume Muhammad (s.a.w.) ameelekeza kwamba watu watatu wakitoka safarini, wamteue mmoja wao kuwa amiri. Tuliwakusanya vijana usiku wa kuamkia safari, tukawasomea mafundisho hayo, kisha tukawaambia wamchague amiri wao wenyewe. Walimchagua kijana wa miaka 15, mpole, asiyekuwa na sauti kubwa wala kifua kipana. Tulipowauliza sababu, mmoja alisema: “Huyu akisema atakuja, huja.”

Tukamkabidhi faili lenye hati za kusafiria, kadi za chanjo ya homa ya manjano na barua za idhini za wazazi. Tukampa pia daftari lenye majina ya vijana wote. Tuliwaambia mbele yake kwamba katika mambo ya kundi neno lake litafuatwa. Kwa kweli tulipoyasema maneno hayo tulidhani tunamfundisha tu uongozi. Hatukufikiri kwamba siku moja neno hilo litatuhusu na sisi.

Swala ya msafiri

Pale Horohoro maofisa wa uhamiaji walizisoma barua za idhini moja moja, na amiri alikuwa akizitoa kwenye faili kwa mpangilio. Tukaingia upande wa Lunga Lunga, tukapita Msambweni na Ukunda, na mchana tukavuka kwa feri ya Likoni kuingia kisiwa cha Mombasa. Tulilala katika madrasa moja ya Mji wa Kale, si mbali na Msikiti wa Mandhry, ambao inaelezwa kuwa ulijengwa mwaka 1570. Vijana waliona huko nyumba, kanzu na vyakula kama vya kwao, hata mmoja akauliza kama kweli tumeshavuka mpaka.

Kwa wengi wao hii ilikuwa mara ya kwanza kuswali swala ya safari. Walikuwa wamesoma darsani kwamba Adhuhuri, Alasiri na Isha hupunguzwa kutoka rakaa nne kuwa mbili, na kwamba Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Walisoma pia kwamba, kwa madhehebu ya Imam Shafi yanayofuatwa na wengi wa mwambao wetu, msafiri aliyenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hurudi kuswali kamili. Lakini kusoma ni jambo moja. Katika treni ya Mombasa hadi Nairobi, wakati wenzao wakitazama tembo wa Tsavo waliojaa vumbi jekundu, vijana wawili walikuwa wakijadiliana kwa makini kama Adhuhuri iswaliwe kitini au icheleweshwe ikutanishwe na Alasiri tukishafika. Wakaja kutuuliza. Tukachagua kuichelewesha, nao wakaiombea nia hapo hapo, kabla wakati wake haujatoka.

Katika kambi ya skauti ya Rowallan jijini Nairobi, tulikolala mahemani, ilibidi kutafuta kibla. Hakukuwa na msikiti karibu wala alama. Kijana mmoja akatoa dira yake ya skauti, akaitua chini, akasubiri mshale utulie, akaonyesha kaskazini na kusogea kidogo kuelekea mashariki. Akawapanga wenzake safu. Dira aliyojifunza kuitumia kwa ajili ya kupita msituni ilikuwa imempeleka Makka, na tulimkumbuka mzee wetu wa kamati.

Mkono wa kushoto

Kambini tulipokelewa na maskauti wa Kenya wa rika lao. Hapa palizuka jambo dogo lililowashughulisha vijana wetu. Maskauti duniani kote husalimiana kwa mkono wa kushoto. Inasimuliwa kwamba desturi hiyo imetokana na mashujaa wa Waasante wa Afrika Magharibi. Shujaa alipomwamini mtu aliweka chini ngao yake, ambayo hushikwa kwa mkono wa kushoto, akanyoosha mkono ule uliokuwa ukimkinga. Maana yake ni nzuri. Lakini mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu ameambiwa tangu utotoni kwamba mkono wa kheri ni wa kulia.

Wenyeji walinyoosha mikono ya kushoto. Vijana wetu wakatutazama. Kabla hatujafungua vinywa, amiri akanyoosha wa kushoto akamshika mwenyeji wake, kisha akanyoosha na wa kulia. “Huu wa skauti,” akasema, “na huu wa salamu ya kwetu.” Wenyeji waliipenda. Kwa siku mbili zilizofuata kambi nzima ilisalimiana kwa mikono yote miwili.

Jioni wenyeji walituandalia nyama, na amiri akauliza kwa upole imechinjwa na nani. Kiongozi wao hakuchukizwa. Alikuwa amekwisha kulifikiria, akanunua katika bucha ya Muislamu, na risiti akaituonyesha. Tulijifunza kwamba mara nyingi aibu ya kuuliza iko kwetu sisi, wala haiko kwa anayeulizwa.

Majina hayahami

Siku ya Jumanne tuliondoka kambini, tukaenda katikati ya jiji. Vijana waliiona sanamu ya Dedan Kimathi katika mtaa wenye jina lake, kisha tukaswali Adhuhuri na Alasiri katika Msikiti wa Jamia. Tulitoka kwa haraka, kwa sababu basi la Nyeri lilikuwa likitungojea stendi, umbali wa dakika kadhaa kwa miguu, na njia ilijaa watu.

Stendini mizigo ikapakiwa. Kondakta alikuwa akigonga bodi ya gari na kutuhimiza. Mmoja wetu viongozi alihesabu vichwa huku vijana wakipanda, wakishuka kuchukua mabegi na kupanda tena. Akapata 16. Tukasema “Bismillah, twende.”

Amiri alikuwa bado chini. Akafungua daftari, akaanza kuita majina. Tulimwambia tumeshahesabu. Akaendelea kuita. Alipofika jina la kumi na moja hakuna aliyeitika. Lilikuwa jina la mtoto wa yule mama mjane.

“Yumo, nimemuona,” alisema kiongozi aliyehesabu. Kondakta akapandisha sauti. Abiria wakaanza kunung’unika. Nasi, tuseme ukweli, tulimwambia amiri apande, gari litoke, tutamtazama mtoto ndani. Hakupanda. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye nguzo ya mlango, macho yamejaa machozi, akasema: “Ustadh, vichwa vinahama, majina hayahami. Mimi ndiye amiri. Gari likiondoka, mimi nabaki.”

Tukashuka wote. Mtoto hakuwemo.

Hatutaeleza sana hali ya nyoyo zetu. Mizigo ikashushwa, basi likaenda zake. Mmoja wetu akabaki na vijana stendini, wawili wakarudi mbio njia tuliyojia, wakitazama kila uso. Neno “amana” lilikuwa likigonga masikioni kuliko honi za magari.

Mtoto alikuwa msikitini. Alikuwa amesimama pale pale panapowekwa viatu, miguu mitupu, skafu shingoni. Mtu alikuwa amechukua kiatu chake kimoja kwa makosa, naye alibaki akikitafuta huku sisi tukitoka. Alipoinua macho hakuona mtu. Tulimuuliza kwa nini hakutoka kutufuata. Akatujibu kana kwamba tunamuuliza jambo la wazi: “Tulifundishwa, ukipotea usimame ulipo.” Alikuwa amesimama hivyo kwa muda wa karibu saa nzima, katikati ya jiji asilolijua, akiamini kwamba kuna mtu atakayeita jina lake.

Laiti angetoka kututafuta, na laiti amiri angetutii, Allah peke yake ndiye ajuaye makala hii ingekuwa ya namna gani.

Kaburi la Nyeri

Tulifika Nyeri usiku, baridi ikiwa kali kwa watoto wa pwani. Asubuhi, maji ya udhu yaliwafanya wapige kelele. Lakini anga lilikuwa safi, na kabla mawingu hayajapanda waliuona Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, ukiwa na theluji kileleni.

Kaburi la Robert Baden-Powell liko katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Petro. Alikuwa jenerali wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1938 alihamia Nyeri, akaishi katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, na akafariki tarehe 8 Januari 1941 akiwa na miaka 83. Majivu ya mkewe, Olave, aliyefariki mwaka 1977, yaliletwa kuzikwa hapo hapo. Juu ya jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njiani wanayoijua maskauti wote, maana yake: nimerudi nyumbani.

Tulikuwa tumewaeleza vijana mipaka mapema. Hatukuja kuomba kaburini wala kumuombea aliyezikwa. Tulikuja kutazama, kujua historia na kukumbuka mauti. Walisimama kimya. Mmoja akanong’ona kwamba hata sisi tunaamini tutarejea, ila tunajua tunarejea kwa nani.

Kisha likaja swali ambalo mzee wetu angelifurahia. Kijana wa miaka 14 aliuliza: “Ustadh, huyu si alikuwa akipigana na Waafrika? Kwa nini Kimathi hana kaburi kama hili?”

Hatukumficha. Ni kweli Baden-Powell alitumika katika vita vya Waingereza dhidi ya Waafrika, kwa Waasante na mwaka 1896 kwa Wamatabele. Na Kimathi alizaliwa huko huko Nyeri, akapigania ardhi ya watu wake, akanyongwa na serikali ya kikoloni tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama. Nchi moja, mmoja ana jiwe na bustani, mwingine alifichwa hata na familia yake. Tuliwaambia vijana walibebe swali hilo hadi nyumbani, wala wasilitupe njiani. Muislamu hukubali jambo lenye manufaa bila ya kuufumbia macho ubaya wa aliyelileta.

Na jambo lenye manufaa lipo. Katika mji wa Mafeking uliozingirwa mwaka 1899 hadi 1900, Baden-Powell aliona wavulana wadogo wakipeleka ujumbe na kufanya kazi za watu wazima kwa uaminifu. Mwezi Agosti 1907 alipofanya kambi ya kwanza katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, aliwagawa wavulana katika vikundi vinne, na kila kikundi kikaongozwa na mvulana mwenzao. Mwaka 1908 akatoa kitabu chake, na uskauti ukaenea duniani.

Kwa Waislamu jambo hili si geni. Mtume (s.a.w.) katika siku zake za mwisho alimteua Usama bin Zayd, kijana wa takriban miaka 18, kuongoza jeshi lililokuwa na Masahaba wakubwa. Wapo waliosema ni mdogo mno, na Mtume akawakemea. Baada yake Abubakar (r.a.) akiwa Khalifa alimuomba Usama ruhusa ambakishe Umar Madina. Khalifa anamuomba kijana ruhusa, kwa sababu uamiri aliopewa ulikuwa uamiri wa kweli.

Tulikuwa tumekisoma kisa hicho chuoni, tukakisomesha, tukakitolea khutba. Tulikielewa stendini Nairobi.

Kurudisha amana

Njiani tukirudi, baada ya Ijumaa tuliyoiswali Mombasa, mmoja wetu alishauri kwamba yaliyotokea yasisemwe. Mtoto amepatikana, kuna haja gani ya kumtia mama hofu? Tulijadiliana kwa muda mrefu. Mwisho tuliona kwamba sitara huwekwa juu ya aibu ya mtu mwingine. Kosa letu sisi wenyewe katika amana ya mtu ni haki yake kulijua.

Basi tulikwenda nyumbani kwake usiku ule ule tuliofika. Tulimsimulia yote, na nani alihesabu vibaya. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza: “Aliyeita majina ni mtoto wa nani?” Tukamtajia. Akasema aletwe kesho ale chakula cha mchana. Tulipokuwa tukivaa viatu akatuita tena: “Na nyinyi, Ustadh, mkienda tena chukueni daftari.”

Katika kikao cha kamati mzee wetu alisikiliza ripoti hadi mwisho. Bado haoni haja ya Nyeri. Lakini yeye ndiye aliyetaka yaandikwe katika kumbukumbu masharti ya safari yoyote ya watoto wa madrasa: wahesabiwe kwa majina kabla ya kila chombo kuondoka, kila mtoto aijue namba ya simu ya mzazi wake kwa moyo, aliyepotea asimame alipo, na amiri akisema gari lisiondoke, lisiondoke. Sharti hilo la mwisho alilitamka mara mbili.

Wazazi wenzetu, tunawapa watoto wetu majukumu mengi ya kuigiza. Tunamwita mtoto msimamizi, kisha tunaamua kila kitu sisi. Mtoto hulijua hilo, naye huacha kushughulika. Mpeni jukumu moja la kweli, hata kama ni ufunguo wa nyumba au kumpeleka mdogo wake chuoni, na siku atakapowaambia “hapana” kwa ajili ya jukumu hilo, msimkemee kabla ya kutazama.

Mabinti wa madrasa nao wameleta barua kwa kamati, wakiuliza zamu yao itakuwa lini. Wamekwisha kumchagua amiri wao. Tunawaomba akinamama walio tayari kuwasindikiza wajitokeze ofisi ya msikiti baada ya swala ya Alasiri.

Tunamuomba Allah awahifadhi watoto wetu safarini na nyumbani, na atuwezeshe kurudisha kila amana kwa mwenyewe. Amin.